Afande wa Miasenyi

Pale Miasenyi, kando ya barabara kuu, ukiuliza kwa Afande utaonyeshwa kibanda cha matikiti. Na Afande mwenyewe? Utaonyeshwa Muinde: kifua kipana, masharubu yamechanwa, akikohoa tu watoto wanatulia. Kumbe maskini Muinde ni fundi cherehani! Bunduki ameiona mikononi mwa askari wa benki. Aliyekwenda vitani Somalia, akiendesha lori la maji, ni mkewe Kathini, huyo mfupi anayekata matikiti.

Kosa lilianza walipohamia. Majirani walisikia nyumba hiyo ina mwanajeshi mstaafu, wakamtazama mume, wakamtazama mke, wakajiamulia. Muinde hakusema ndiyo, hakusema siyo. Mwanzoni Kathini alicheka mpaka machozi. Lakini utani ukikaa sana unawasha.

"Baba Ndunge, jina langu utanirudishia lini?"

"Si nakutunzia tu, mama."

Ebo! Kutunziwa!

Basi serikali ikatangaza sherehe mjini Voi, ya kuwaenzi wanawake waliotumikia jeshi wakati wa vita. Kathini alialikwa. Angeweza kuwaambia majirani mwenyewe, lakini hakutaka. Alitaka huyo mwenye masharubu aseme, na watu wote wasikie.

Majirani walifika kwa wingi, wakijua tu ni sherehe ya wanajeshi, na wakiamini Afande wao ndiye mgeni wa heshima. Langoni mwa uwanja, Mbinya wa duka la jirani alipaza sauti: "Mpisheni Afande wetu!" Kijana wa mapokezi, akidhani ni mkubwa wa jeshi, akamshika Muinde mkono, akamkalisha mbele kabisa. Kathini alielekezwa kwenye hema la akina mama wa chai. Alipandwa na hasira hadi masikio yakawa moto. Muinde aligeuka kumtazama, akageuka tena mbele, akakaa.

Mara mshereheshaji akaita: "Koplo mstaafu Muinde!"

"Afande! Afande!" Miasenyi nzima ikapiga makofi.

Muinde akasimama. Kathini akashika kikombe cha chai kwa nguvu. Leo huyu mwanamume akipokea nishani yangu, akawaza, atalala kwenye matikiti.

Muinde akaomba kipaza sauti. Jasho lilikuwa limemlowesha masharubu.

"Jamani, mimi ni fundi wa nguo. Hata suruali hii nimeshona mwenyewe. Koplo Muinde ni mke wangu, Kathini, yule pale kwenye chai. Jina la Afande nimelivaa miaka, na halijawahi kunitosha. Mama, nisamehe."

Akampigia saluti. Kwa mkono wa kushoto!

Uwanja uliangua kicheko. Mbinya akajishika mdomo: "Wewe Mama Ndunge! Na vile nimekuwa nikikutuma uniitie Afande!"

Kathini akaweka kikombe chini, akatembea kijeshi, mgongo umenyooka, machozi yanamtoka na meno yote nje. Alipompita mumewe akanong'ona, "Mkono wa kulia, bwana." Nishani ikabandikwa kifuani pake, na furaha aliyoisikia hakujaribu kuificha.

Jioni walikuwa wamerudi kibandani. Lori likasimama, dereva akatoa kichwa dirishani.

"Afande! Nipatie tikiti moja tamu!"

Muinde alikwisha kutunisha kifua na kufungua kinywa. Akakifunga. Akashusha pumzi polepole, akamgeukia mkewe.

"Mama," akasema, "unaitwa."