Bomba ni Bomba

Kuna asubuhi moja, mwanangu, ambayo mpaka leo sijaisahau. Ni ya miaka ya tisini, kwetu Sosiot, siku ya harusi ya dadangu Chebet. Mimi Kiptoo nilikuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya kanisa, na tarumbeta ilikuwa moja tu. Nilijiona mtu! Wacha nikueleze polepole, maana naona wewe pia una ile haraka niliyokuwa nayo.

Mama yetu alikuwa amefariki. Chebet aliniomba kitu kimoja tu: akitoka nyumbani kwenda kanisani, nimpigie wimbo ambao mama alikuwa akiuimba akichuma majani chai. "Ukiupiga, nitajua mama amenisindikiza," akasema. Nikaapa. Kumbe naapa na tarumbeta mgonjwa.

Lile bomba fupi la mbele, pale unapochomeka mdomo wa kupulizia, lilikuwa limeliwa na mate ya miaka mingi mpaka likatoboka. Pumzi ilikuwa ikivuja. Nilitakiwa kumwambia Mzee Rotich, mkuu wa bendi, lakini niliogopa atanipokonya tarumbeta. Nikaenda kwa Makori, fundi wa pale sokoni aliyekuwa akitengeneza stovu za mafuta taa na pampu za kunyunyizia ng'ombe dawa ya kupe. Makori akakata bomba la pampu, urefu uleule, akaligeuzageuza mkononi.

"Kijana, hii ya zamani ilikuwa nyembamba hapa mdomoni, halafu inapanuka polepole. Hii yangu ni sawa mwanzo mpaka mwisho. Haitaleta shida?"

"Bomba ni bomba," nikamjibu. "Wewe chomelea tu."

Mwiba wa kujichoma, mwanangu, hauambiwi pole. Jioni ile nikapuliza, pumzi haikuvuja, nikafurahi. Halafu nikajaribu wimbo wa mama, furaha ikaniisha. Noti za chini zilikuwa zimezama. Nikasukuma ndani slaidi, ile sehemu iliyopinda inayoteleza ili kurefusha au kufupisha tarumbeta. Za chini zikakaa sawa, za juu zikapiga kelele. Nikaivuta nje: za juu zikatulia, za chini zikazama tena. Ndani, nje, ndani, nje. Wiki nzima hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Hata nikikamua ng'ombe, mkono ulikuwa ukivuta slaidi isiyokuwapo. Ugali haukushuka. Chebet akiniuliza, "Wimbo uko tayari?" mimi, "Tayari kabisa, usijali." Uongo mtupu!

Siku ikafika. Ukungu umelala juu ya majani chai, vidole vimekufa ganzi kwa ile baridi ya kwetu. Mwenzangu wa tromboni akatoa noti, mimi nikajibu kombo, watu wakageuka kutazama. Nikajificha nyuma ya zizi, nikaanza tena: ndani, nje. Nikasikia magari ya bwana harusi kutoka Merigi yakipanda kilima, honi juu ya honi. Nilitamani mvua ya mawe inyeshe, ile inayomaliza chai shambani, ili mradi tu harusi iahirishwe. Hebu fikiria ujinga huo.

Mzee Rotich akanikuta hapo. "We Kiptoo! Hiyo slaidi utavuta mpaka lini?" Akaichukua tarumbeta, akachungulia mbele. "Hii ni bomba ya nini?"

"Ya pampu ya kupe, Mzee."

Nilingoja kofi. Akashusha pumzi tu, na hiyo iliniuma zaidi.

"Slaidi ni kama mshipi wa suruali," akasema. "Inakaza yote pamoja, inalegeza yote pamoja. Kama mguu mmoja wa suruali ni mfupi, utakaza mshipi mpaka ukose pumzi, na mguu bado ni mfupi. Hapa mbele, pumzi inapoingia, ndipo kila noti inapewa nafasi yake. Umeharibu hapa, unarekebisha kule. Ungeniambia mapema, ningeazima ingine Kericho. Sasa enda umwambie dada yako kabla hajatoka."

"Mzee, siwezi."

"Ama unataka ajue akiwa mlangoni?"

Mficha uchi hazai. Nikaingia. Chebet amevaa, shela kichwani. Nikamwambia yote: bomba, pampu, uongo wa wiki nzima. Machozi yakamtoka, poda yote ikaharibika.

"Si ungeniambia, Kiptoo," akasema. Akajifuta. "Hakuna hata noti moja nzuri?"

Zilikuwako tatu, zile za mwanzo wa wimbo.

"Basi nipigie hizo tatu."

Nikasimama mbele ya nyumba. Chebet akatokea mlangoni. Nikapiga zile tatu, nikashusha tarumbeta. Halafu mama mmoja, aliyekuwa akichuma chai mstari mmoja na mama yetu, akaushika wimbo pale nilipouachia. Mwingine akaingia, na mwingine, wote waliokuwa wakibeba vikapu vya chai pamoja na mama yetu, mpaka boma zima likawa linaimba. Chebet akatembea. Alipopita karibu yangu akanishika mkono, ule wa slaidi, kwa sababu ulikuwa bado unavuta hewa.

Basi sikia, mwanangu. Jambo likikukataa, usikae nyuma unavuta na kusukuma. Rudi pale pumzi inapoingilia: ulianzaje, na nani alikuuliza swali ukamjibu kwa dharau. Ukiwa na hofu, sema mapema, kabla magari hayajapanda kilima. Mimi nilisema nikiwa nimechelewa, na bado walinipokea.

Mungu akupe pumzi ndefu. Na pale itakapokuishia, akupe watu wa kuushika wimbo wako.