Nilimsamehe Mtani Wangu, Naye Hakuwa na Kosa

Nimekosa, ndugu msomaji, na kosa langu ni kusamehe.

Utadhani ninafanya mzaha. Laiti ningekuwa ninafanya mzaha! Mzaha ndio hasa nilioukataa, na habari yote imeanzia hapo. Kaa nikueleze polepole, maana kueleza ndiyo kazi yangu, na utaona jinsi kazi hiyo ilivyonifikisha pabaya.

Mimi ni mwalimu wa dini katika kijiji kimoja cha milima ya Uluguru, mwendo wa nusu siku kupanda kutoka Matombo. Kila asubuhi, kabla watu hawajakwenda mashambani, nagonga kipande cha chuma cha reli nilichopewa na mafundi pale Morogoro. Watu hukusanyika, tunasali, kisha natoa tafakari fupi. Leo imani, kesho udhaifu wa mwanadamu, keshokutwa msamaha. Jina langu nimemwomba mhariri asiliandike. Wanaonijua watanijua, na hao wamekwisha kunicheka, au tuseme, wameacha kunicheka, jambo ambalo ni baya zaidi.

Sasa nikuelezee utani wa kwetu, kwa sababu wa kwenu huenda una sura nyingine.

Sisi ukoo tunaufuata kwa mama. Ukoo wa mama yangu una watani wake, na aliye karibu nami kuliko wote nitamwita Banzi. Si jina lake. Yeye mwenyewe angependa jina lake liandikwe kwa herufi kubwa. Mtani ana haki ya kukutukana, kukunyang'anya kuku wako, na kukuaibisha mbele ya mkweo, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Lakini siku unapofiwa, mtani ndiye anayetangulia kufika. Anachimba kaburi, anabeba maiti, na wafiwa wanaposhindwa hata kumeza uji, yeye huwachekesha mpaka wameze.

Ndiyo maana Banzi alizoea kuniita "maiti wangu".

"Maiti wangu, umeamkaje? Bado tu unapumua? Jembe nimeshalinoa, unanichelewesha."

Zamani, kabla sijawa mwalimu, nilikuwa namjibu. "Anza kuchimba lako. Kwa tumbo hilo litachukua siku mbili." Naye alicheka mpaka akashika mti.

Nilipopewa ualimu na koti jeupe niliacha kujibu. Nilikuwa natabasamu tu, tabasamu la mtu aliyesoma. Huo ulikuwa mwanzo wa ugonjwa, ila sikuujua.

Ikatokea kwamba mjomba wangu akafariki. Siku ya tatu ya matanga, mkewe alikuwa bado hajasema neno wala kutia kitu kinywani. Banzi akalichukua koti langu jeupe nilipokuwa nimelianika, akalivaa. Akakunja jani la mgomba likawa kitabu. Akapanda juu ya kinu kilichopinduliwa, akakohoa kidogo, kikohozi changu kabisa kile ninachokohoa kabla ya kuanza.

"Ndugu zangu wenye dhambi," alisema kwa sauti yangu, "leo tutatafakari uvivu. Dhambi hii naijua vizuri, nimeitafakari tangu juzi nikiwa nimelala. Kesho tutatafakari ulafi. Nani kati yenu ana kuku?"

Mke wa mjomba akacheka. Alicheka akashika nguzo ya nyumba, akalia, akacheka tena, kisha akasema, "Nipeni uji." Nililiona hilo kwa macho yangu. Ninaliandika ili ujue kwamba sikukosa kwa kutokuona.

Lakini niliona na jambo jingine. Padre alikuwa amefika kutoa pole, amesimama nyuma ya migomba na nyumbu wake wa kupanda, naye alikuwa anacheka. Alicheka hata akavua kofia ajifute jasho. Hilo ndilo lililonichoma. Watu wa nyumbani wakinicheka, ni wa nyumbani. Padre ndiye aliyenipa koti.

Baadaye tulipokuwa tukila, Padre aliniuliza, "Yule mtu wa jani la mgomba ni nani?"

Msomaji, hapa ndipo palipo na dhambi yenyewe. Yale mengine yote ni matawi tu. Padre alikuwa mgeni katika nchi yetu, na mimi ndiye niliyekuwa nikimfafanulia mambo ya huku: kwa nini huyu hali chakula kile, kwa nini mjomba ana nguvu kuliko baba. Nikimwambia hiki ni hivi, aliamini. Ningaliweza kusema, "Padre, yule ni mtani, yuko kazini, na kazi yake leo imemlisha mjane." Ingalitosha.

Nikasema, "Ni mtu asiyeliheshimu neno la Mungu."

Padre akaacha kula. "Alikukosea mbele ya watu wote?"

"Mbele ya wote."

"Basi nawe umsamehe mbele ya wote," akasema kwa upole. Alinishauri vizuri kabisa, juu ya jambo ambalo halikuwapo.

Asubuhi, Padre akiwa bado yupo, nikagonga chuma changu kwa nguvu kuliko siku zote. Nikatafakari msamaha. Sijawahi kusema vizuri vile. Nilieleza jinsi mwanadamu alivyo dhaifu, kisha nikaeleza tena kwa wale waliochelewa. Banzi alikuwa amekaa mahali pake penye mlango, anatafuna muwa. Nikamwita mbele.

"Banzi, yale uliyonitendea katika matanga ya mjomba wangu, mimi nimekusamehe."

Akacheka. Alidhani nimemjibu hatimaye, baada ya miaka ile yote ya tabasamu. "Maiti wangu," akasema, "leo umeniweza!"

Sikucheka. Nikanyosha mkono kama ninavyowaona mapadre wakinyosha. Banzi akautazama mkono wangu. Akamtazama Padre, akawatazama watu. Halafu akatema makapi ya muwa kiganjani, taratibu, kama mtu aliyejikuta amekaribishwa katika nyumba ngeni.

"Asante, mwalimu," akasema.

Tangu nizaliwe hakuwahi kuniita mwalimu, wala kitu chochote chenye heshima.

Padre alifurahi sana, akaniomba niiandike tafakari ile. Nikaiandika, nikaongeza machozi mawili matatu ambayo hayakumwagika. Ikapigwa chapa katika gazeti hilihili. Huenda uliisoma. Wasomaji kadhaa walileta barua za kunisifu, na mwalimu mmoja wa pwani akaomba ruhusa awasomee watu wake kila mwaka wakati wa Kwaresima. Kama bado anawasomea, namwomba sana aache.

Mama yangu hakuwa anajua kusoma, kwa hiyo hakusifu.

"Umemsamehe Banzi kosa gani?" akaniuliza.

"Alinidhihaki, mama."

"Sasa ulitaka mtani afanye nini? Akupigie magoti?"

"Mama, mimi ni mwalimu wa dini."

"Najua. Koti nalifua mimi." Akalikanda goti lake la kushoto, ambalo lilikuwa limeharibika tangu ujana na kumfanya atembee akiyumba kama mtu anayevuka mto. "Mwanangu, nenda ukamtukane Banzi."

"Siwezi kumtukana mtu niliyekwisha kumsamehe."

"Basi ndiyo umemfukuza. Nani atanizika mimi? Banzi ameniahidi. Siku hiyo atavaa kaniki yangu na kutembea kama mimi mbele ya wakwe wote. Mwambie asisahau goti, ni la kushoto."

Nilimweleza mama, kwa subira kubwa, kwamba msamaha ni zawadi, na zawadi hairudishwi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nenda ukamtukane." Alilisema hilo kila wiki, mvua za vuli zikapita, za masika zikaja, naye akashikwa na kifua akalala.

Alipolala ndipo nikaogopa. Nikavuka bonde mpaka kwa Banzi. Njiani nilitengeneza tusi, nikalijaribu kwa sauti mara kadhaa. Nilimkuta anasuka kapu mbele ya nyumba yake.

"Banzi," nikasema, "wewe ni mwizi wa kuku, na mama yako alikupata kwa kubahatisha." Akainua macho. Mimi nami, badala ya kunyamaza nikangoja, nikaendelea. "Yaani, nasema hivi kwa utani. Sina maana kwamba umeiba kuku. Ni kwa ajili ya kurudisha desturi yetu."

Banzi akaweka kapu chini, akasimama, akaniletea kigoda.

"Karibu ukae, mwalimu," akasema. "Nimekukosea tena?"

Sikukaa. Nilirudi nyumbani, na siku chache baadaye mama akafariki.

Banzi alikuja wa kwanza. Nisiseme uongo juu yake, wajibu wake aliutimiza. Alichimba kaburi vizuri, kingo zimenyooka. Kisha akanijia, kofia mkononi, akainamisha kichwa. "Pole sana, mwalimu, kwa msiba huu mkubwa." Akawapa pole dada zangu, mmoja mmoja, akaenda kukaa na wageni.

Dada yangu mkubwa alikuwa ameitandaza kaniki ya mama juu ya mkeka, mahali pa kuonekana. Ilikaa pale. Watu waliitazama, wakamtazama Banzi, wakanitazama mimi. Watoto walikuwa wameambiwa kwamba watamwona bibi akitembea, wakangoja. Uji ukapoa. Mjomba mdogo, ambaye huwa hazuiliki mdomo, alikaa kimya amekumbatia magoti yake. Siku tatu nzima hakuna aliyecheka kwetu, na siku ya tatu dada yangu akaikunja kaniki akaiweka ndani.

Padre alikuwapo. Akanishika bega akasema hajawahi kuona milimani maziko yenye utulivu na heshima ya Kikristo kama yale. Alisema ni matunda ya mafundisho yangu.

Ilikuwa kweli, msomaji. Yalikuwa matunda ya mafundisho yangu.

Safari hii nilimwambia Padre ukweli wote. Alinisikiliza akiwa ameshika ndevu zake. "Basi na mimi nilidanganywa nikakushauri umsamehe mtu kosa asilolitenda," akasema. "Nenda ukamwombe msamaha." Nilimwambia sidhani kama itafaa. Akasema, "Nenda tu."

Nikavuka bonde tena, bila tusi. Nikamwambia Banzi: nilikusingizia kwa Padre, nilijifanya mwema kwa mgongo wako, nimemnyima mama yangu maziko yake. Nisamehe.

Alisikia yote. Mikono yake ilikuwa imesimama juu ya kazi.

"Siku ile uliponisamehe," akasema, "nilirudi nyumbani nikalitafuta lile kosa langu. Mke wangu akaniuliza, umepoteza nini? Nikamwambia, kosa. Tukalitafuta wote wawili. Kumbe halikuwapo." Akatikisa kichwa. "Na sasa wewe unataka nikusamehe. Nikikusamehe, tutakuwa watu wawili wema waliosameheana, na mtani hakuna. Siwezi, mwalimu. Sijui kusamehe. Mimi kwetu nilifundishwa kuchimba na kutukana tu."

Nimelifikiri jibu hilo kwa miezi mingi. Mwanzoni nilidhani amenifungia mlango. Nimeendelea kugonga chuma changu kila asubuhi na kutafakari mbele ya watu, lakini siku ya zamu ya msamaha naomba mwingine aongoze.

Kwa hiyo nakusihi, wewe unayesoma, hasa kama watu wanakuita mwalimu. Msamaha ni mwema, sijauasi. Lakini kabla hujaunyoshea mkono, hakikisha kuna aliyekukosea. Muulize mtu asiyekuogopa. Muulize mama yako, kama bado unaye. Na ukijisikia mtamu sana moyoni wakati unasamehe, angalia vizuri, pengine ni kiburi chako kimevaa koti jeupe. Mimi sikumwuliza mtu, nami mama yangu alizikwa kwa heshima.

Kuna neno moja limebaki. Juzi dada yangu alirudi kutoka ng'ambo ya bonde, akawa hawezi kunitazama usoni.

"Banzi amepata beberu," akasema.

"Haya."

"Amempa jina." Akajifunika mdomo kwa ncha ya kanga. "Anamwita Mwalimu. Anasema huamka kabla ya wote, hulia kwa muda mrefu, huwatazama mbuzi wengine kwa huruma, kisha hula fungu lao."

Nilitoka nje nikasimama kwenye migomba, nikacheka hata nikashika mti. Sikumbuki lini nilicheka vile.

Kesho, tukimaliza sala, nitavuka bonde nikamwone huyo beberu. Tusi ninalo, la wastani tu, linahusu tumbo la Banzi. Nimeapa kwamba nikilisema nitanyamaza. Sitalieleza.