Mwanafunzi wa Nairobi

Nyumbani kwa Papa Gaston, katika mtaa wa Muhumba, palikuwa na kanuni ambayo watoto waliijua kabla ya kujua sala: mambo ya nyumba hayatoki nje. Si ugomvi, si njaa, si ugonjwa. Gaston alikuwa prefe, mkuu wa shule ya sekondari, mtu wa suruali iliyonyooshwa pasi hata Jumapili jioni. Aliamini kwamba anayeongoza watoto wa wenzake hana ruhusa ya kuonekana ameshindwa na wa kwake. Kwa mambo mengi hiyo ni kanuni njema. Kwa ugonjwa ni kanuni mbaya.

Mkewe, Apolline, aliishika miaka mingi bila kuona uzito wake. Aliuona aliporudi Delphin.

Delphin alikuwa kifungua mimba wao. Walimpeleka Kisangani kusoma chuo kikuu, na vita vya kwanza vilipopita huko, mwaka 1997, alirudi na kiatu kimoja mguuni, akizungumza na watu ambao hakuna mwingine aliyewaona. Alikuwa mpole. Hakumpiga mtu. Ila alitetemeka akisikia gari la askari, na siku nyingine alikataa kula, akisema chakula kinamtazama. Apolline alimkaangia sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani aliowapenda tangu utoto, akaketi mbele yake akimwangalia. Mikono ilikuwa ya Delphin, na namna ya kushika kikombe ilikuwa ya Delphin. Delphin wa mizaha, ambaye Apolline alikuwa akimngoja, hakuwa amerudi. Hamu ya mtu aliye mbali Apolline aliijua. Hamu ya mtu anayeketi mezani pako hakuwahi kufundishwa namna ya kuibeba.

"Tuseme iko Nairobi," Gaston alisema. "Amepata bursari. Batu watafurahi, hawatauliza sana."

"Na siku wakimuona?"

"Hawatamuona."

Delphin akawekwa chumba cha uani, nyuma ya jiko. Wageni wakaishia barazani. Akianza kuimba, Apolline aliongeza sauti ya redio. Mjini palikuwa na mahali pa kutibia wagonjwa wa namna hiyo, lakini lango lake lilitazama barabara kuu, na Gaston hakutaka kuonekana akiingia.

Kilichomuumiza Apolline zaidi ni shirika, kile kikundi cha Wakristo wa mtaa kinachosali kila juma nyumba kwa nyumba. Yakifika maombi, Ignace, kiongozi wao, hakusahau hata mara moja. "Tumuombee mutoto wetu Delphin, Mungu amupe nguvu ya masomo kule Kenya." Wote waliitikia, na Apolline aliitikia pamoja nao. Jirani zake walimwombea mwanawe kwa moyo mweupe, na sala zao zote alizipeleka yeye kwa mtu asiyekuwepo.

Vita vya pili vikaanza. Mji ukashikwa na askari wengine, vizuizi vikajaa barabarani, na watu wakazoea kulala wakisikiliza. Ijumaa moja ya kiangazi, mwaka 1999, Gaston alikuwa kwenye mkutano wa shule. Apolline alikwenda sokoni Nyawera, na kwa haraka hakuusukuma vizuri mlango wa uani.

Aliporudi, jirani yake Eulalie alikuwa amesimama langoni kwake, mikono kiunoni, akicheka.

"Maman Delphin, weye ni mubaya! Mutoto anatoka Kenya, na unamuficha kama nyama ya Pasaka?"

"Unasema nini?"

"Nimemuona na macho yangu! Amekonda, mama. Nikamuuliza, kule Nairobi hawajui fufu? Akacheka tu. Anasema anaenda kusalimia nyanya yake kule Miti. Nikamuambia, mutu wa université hatembei na miguu. Willy alikuwa anapeleka pikapu Kavumu, njia ni ile ile. Nikamukalisha mbele kama patron!"

Willy alikuwa mdogo wake Eulalie, dereva.

"Wameenda?"

"Sasa hivi. Willy anatia mafuta kwanza hapo chini."

Hapo chini. Mume wa Eulalie alikuwa uani kwao akifuta pikipiki yake. Ilitosha Apolline aseme: ni mgonjwa, mkamateni. Maneno yalikuwa mdomoni. Kilichotoka ni kile kicheko alichowachekea wageni barazani.

"Tulitaka iwe surprise," alisema.

Akaingia ndani, akaweka kikapu chini, akasimama katikati ya chumba kitupu cha uani, akaanza kumngoja mumewe.

Gaston aliporudi aliambiwa yote, akaenda kuufunga mlango wa uani. Kisha akasema, "Tutaenda kesho. Polepole. Bila kelele."

Walikwenda kesho yake. Willy alikuwa amewaeleza bila wasiwasi: alimteremsha kwenye soko la Miti, kijana akamshukuru kwa Kifaransa kizuri, akakata kona. Nyanya yake hakuwa amemwona. Alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharage, na alipoambiwa akasimama yakamwagika yote.

Wakashika njia ya mashamba ya chai. Walikuta wachumaji wachache wamepumzika kando, na Gaston akawaendea kwa heshima, kofia mkononi.

"Jameni, muko mu kazi? Kuna boyi wangu mumoja amepotea. Kijana murefu, koti ya bleu."

"Boyi wa kazi ya nyumbani?" aliuliza mwanamke mmoja. "Ameiba?"

"Hapana. Amepotea tu."

"Boyi hapotei, papa," mwenzake akadakia, na wengine wakacheka. "Boyi anakimbia. Ulikuwa unamulipa?"

Apolline aliwasikia wakicheka. Alimtazama mumewe, mtu mnyofu ambaye hakuwahi kudanganya juu ya alama za mwanafunzi hata mmoja, akiwa amesimama barabarani akimkana mwanawe kwa adabu.

"Si boyi," alisema, na sauti yake ikawa kubwa kuliko alivyokusudia. "Ni mutoto yangu. Mimi njo nilimuzaa. Iko mugonjwa ya kichwa."

Kicheko kikakatika. Gaston aliinamisha uso. Yule mwanamke wa kwanza akaja akamshika Apolline mkono.

"Maman, pole. Jana kabla jua kuzama alipita mutu hapa anaimba. Tulizani ni mulevi, tukamuacha. Kama tungejua, tungemushika, tungemupa kiazi, tungemulaza."

"Alienda wapi?"

Mwanamke akaelekeza kidole juu, upande wa msitu. Wachumaji wote walikuwa wamesikia risasi usiku upande ule.

Apolline alirudi Muhumba akaita shirika lote, akasema kila kitu, tangu kiatu kimoja mpaka kile kicheko cha langoni. Eulalie alijipiga kifuani. "Ningemufungia kwangu, Maman Delphin! Ningemukalia juu!" Hakuna aliyewasema. Ignace alikusanya wanaume na wanawake, na alfajiri wakapanda Miti wakiliita jina la Delphin mashambani, Gaston mbele yao, sauti imekauka. Askari waliwarudisha kabla ya kufika msituni.

Hawakumpata, hai wala maiti. Miaka iliyofuata Apolline hakumtamani tena yule wa kabla ya Kisangani. Alimtamani mgonjwa wake wa uani, aliyekataa chakula, aliyeimba bila maneno, na redio aliiacha imezimwa.

Ile kanuni iliwalinda na aibu kwa karibu miaka miwili, aibu ambayo majirani zao hawakuwa nayo ya kuwapa. Iliwagharimu mtoto wao.