Nusu ya Pili ya Sentensi

Mwaka wangu wa kwanza wa ualimu, enzi za Mwingereza, nilipelekwa shule moja upande wa Mollo, huko Ufipa, kushika darasa la Kiingereza. Mwalimu wake alikuwa amefariki kwa homa ya mapafu. Nilitoka Tabora na cheti kipya, kaptura mbili za kupiga pasi, na dharau ya kutosha vijiji vitatu. Kwetu waliniasa nijihadhari na uchawi wa Sumbawanga, nikawacheka.

Nyumba ya marehemu nikapewa mimi. Mjane wake, mwanamke mkimya wa rika langu, akahamia kibanda cha jiko nyuma ya nyumba. Kila mtu alijua mwisho wa kukaa kwake pale: ulezi ukishavunwa, kaka wa marehemu angekuja kutoka Mwimbi kumchukua awe mke wake. Yeye hakutaka. Siku yangu ya pili, mwalimu mkuu akiwa amesafiri msibani, alinijia, akapiga goti kidogo, akauliza kama shule ingeweza kumpa kazi yoyote kabla ya mavuno, maana mwenye kazi ya shule asingeondolewa kirahisi. Nilimjibu bila kuinua uso kwamba wafagiaji tunao, wanafunzi wenyewe. Alisimama kama mwenye neno jingine, kisha akaondoka. Aibu ya jibu lile ninayo mpaka leo.

Darasani nilikuwa nafundisha kuunga sentensi. Unaandika moja fupi, unaandika ya pili, halafu unazifunga kwa and au but. Kuunga waliweza. Kilichowashinda ni he na she. Kiswahili kina yeye mmoja kwa mwanamume na mwanamke, na Kifipa cha nyumbani kwao ni hivyo hivyo, basi kila mtu kwao alikuwa he. Mama anaumwa, lakini he anapika. Dada ameolewa, na he amehamia Namanyere. Nilipigia mistari myekundu mpaka wino ukaniishia, na nilifoka sana, maana hasira zangu zilikuwa karibu.

Kila jioni niliacha nusu ya sentensi ubaoni ili waimalizie asubuhi. Mlango haukuwa na kufuli, tuliufunga kwa kamba ya katani. Siku ya kwanza niliandika: The house is empty, but. Nyumba ni tupu, lakini.

Asubuhi yake ukungu ulikuwa mzito, ungesikia kikohozi cha mtoto kabla hujamwona. Kamba ilikuwa imefungwa vile vile nilivyoiacha. Ndani, mbele ya nusu yangu, palikuwa na nusu nyingine: he is still here.

Nyumba ni tupu, lakini bado yupo hapa. Ulikuwa mwandiko uliolala kushoto, wakati herufi za vijana wangu wote zilisimama wima. Nilifungua daftari la mahudhurio alilokuwa akijaza marehemu. Kila jina lilikuwa limelala kushoto. Nililifunga haraka.

Wanafunzi waliingia wakatazama ubao. Walisoma, wakakaa, na benchi la mbele likabaki tupu. Nilipowauliza nani amechezea ubao, mmoja alijibu taratibu kwamba mwalimu wa zamani hakupenda kuacha kazi nusu.

Ningeweza kuacha mchezo ule. Lakini nilikuwa mbishi, na mbishi akiogopa huwa mbishi zaidi. Jioni ile nikaandika: mlango umefungwa, na. Asubuhi nikakuta: he waits outside, anangoja nje. Usiniulize nilivyolala kwenye kitanda cha marehemu, nikiusikiliza upepo ukisukuma mlango. Kesho yake, kwa kuwa mashamba yote yalikuwa yamegeuka rangi, niliandika kwamba mavuno yamekaribia, na. Jibu likaja kwa mwandiko ule ule: he does not want to go.

Hataki kwenda. Nilipoisoma, picha ilinijia. Nilimwona marehemu akizunguka shule katika ukungu, hataki kuondoka, na mimi nimekalia nafasi yake yote, nyumba na darasa. Watoto wawili hawakuja shule siku hiyo. Nikaona nikichelewa, darasa litanihama lote.

Basi jioni sikuacha nusu. Niliandika sentensi kamili, ya kumfukuza: The teacher is dead, and he must go. Mwalimu amekufa, na lazima aende. Nukta niliibonyeza mpaka chaki ikakatika.

Asubuhi palikuwa na mstari mmoja chini yake, mdogo, umelala kushoto: Yes. He will go. Ndiyo, atakwenda.

Baada ya hapo ubao ukatulia. Nusu nilizoacha nilizikuta nusu. Niliwaambia wanafunzi kwamba nimemaliza jambo, nikatembea kifua mbele. Niliona pia kwamba kibanda cha jiko hakitoi moshi, sikuuliza.

Aliyeuliza ni mwalimu mkuu, aliporudi kutoka msibani Namanyere. Alitaka kujua mke wa mwalimu yuko wapi. Nikamwambia nadhani amekwenda Mwimbi. Akashangaa, kwa sababu kabla ya kusafiri alikuwa amemshauri anionyeshe Kiingereza chake, ili tumwombee kazi ya kufundisha watoto wa darasa la kwanza. Marehemu alimfundisha mwenyewe, alisema, jioni, wanafunzi wakishaondoka. Mume aliandika nusu ya sentensi, mke akaimalizia. Hata mwandiko aliuiga kwake.

Nilitazama kazi yangu. Rundo la madaftari lilikuwa mezani, limejaa he nilizozipigia mstari kwa mkono wangu mwenyewe.

Jumamosi nilipanda baiskeli kwenda Mwimbi, kutwa nzima, nikipita matanuru ya zamani ya kuyeyushia chuma yaliyosimama kimya kwenye nyasi. Nilimkuta uani akipepeta ulezi. Kaka wa marehemu alikaa mbele ya nyumba akitutazama. Nilimsalimu mjane, nikamwita shemeji, nikamwomba radhi. Nikamwambia mwalimu mkuu anamtaka shuleni, na kazi ipo.

"Nimekwisha pokelewa hapa, mwalimu," alisema. "Niliandika ubaoni, nikijitaja kama yeye, kwamba sitaki kwenda. Ukanijibu kwamba lazima niende. Nikaona hata shule imekataa."

Nilimweleza kwamba sikumfukuza yeye, nilimfukuza maiti. Hakucheka. Aliniuliza kosa lake lilikuwa wapi. Hakuwa ananilaumu, aliuliza kama mwanafunzi anayetaka kujua. Nikamwambia ni herufi moja, kwamba Mwingereza akimtaja mwanamke huweka s mbele.

"Marehemu hakunionyesha," alisema. "Sentensi zake zote zilikuwa za wanaume."

Akaweka ungo chini, akaokota kijiti, akaandika vumbini she, herufi zimelala kushoto. Akalisoma kwa sauti.

"Kumbe tuna neno letu," alisema.

Kutoka mbele ya nyumba aliitwa. Alilifuta kwa wayo, akainua ungo, akaenda.