Sauti ya Mwenye Nyumba

Filamu yenyewe ni ya dakika kumi na mbili, na wote walioigiza ndani yake ni watoto. Mwalimu wa kwaya wa kanisa letu la Yeoville aliipiga kwa kamera aliyokuwa akirekodia harusi, nilipokuwa na miaka kumi. Kisa ni chepesi. Mwenye nyumba anakuja kukagua chumba cha Berea ambacho kinapaswa kukaliwa na watu watatu. Anabisha, anauliza, "Humu ndani mko wangapi?" Ndani kuna watoto kumi waliovaa nguo za wazazi wao, wamejibana kabatini, chini ya kitanda, nyuma ya pazia, na wote wanajibu kwa pamoja, "Watatu!" Hapo watu huvunjika mbavu, kwa sababu sisi Wakongomani wa Johannesburg karibu wote tumewahi kujificha namna ile.

Mwenye nyumba aliigizwa na rafiki yangu. Alivaa koti la suti la baba yake, likamfika magotini. Mwili unaouona ni wake, ila sauti unayoisikia ni yangu.

Ilikuwa hivi. Kaseti ilipochezwa mara ya kwanza hatukusikia kitu zaidi ya mngurumo wa friji na honi za teksi za barabarani, kwa hiyo mwalimu akapanga tukutane baada ya wiki tatu tuingize sauti upya. Katikati ya wiki hizo rafiki yangu akashikwa na homa ya uti wa mgongo. Aliugua siku nne tu.

Mwalimu alinichagua mimi kwa sababu kila mtu alijua ninavyomwigiza. Familia zetu mbili zilikuwa zikikaa chumba kimoja huko Berea, pazia katikati. Yeye akitoroka kwenda kucheza mpira, na mama yake akimwita kutoka kwenye cherehani, mimi ndiye niliyekuwa nikijibu nyuma ya pazia kwa sauti yake: "Niko, mama." Cherehani ikaendelea kulia, na sisi tukajiona wajanja.

Basi nikasimama mbele ya kipaza sauti, nikamtazama kwenye televisheni akifungua mdomo, nikamtilia maneno. Nilipofika kwenye "Humu ndani mko wangapi," sauti ikatetemeka. Nilikuwa nalia. Siku alipozikwa, sisi watoto hatukupelekwa makaburini. Tuliachwa kanisani na juisi na biskuti, kana kwamba ni sikukuu. Nikaomba nirudie, mwalimu akakataa. Alisema mtetemo ule unachekesha, unamfanya mwenye nyumba aonekane mwoga kuliko wapangaji wake. Sijamsamehe sawasawa kwa neno lile, ingawa alikuwa amesema kweli. Ndiyo sehemu watu wanayoipenda kuliko zote, na watoto huiiga wakicheza ngazini.

Hakuna aliyemwambia mama wa rafiki yangu kwamba sauti ile ni yangu. Kila mtu alidhani mwenzake amekwisha kumwambia, na tulipogundua kwamba hakuna, filamu ilikuwa imeshaenea kwenye diski, baadaye kwenye simu, na mama akawa na nakala yake. Yeye ni fundi wa nguo, bado anakaa kile chumba cha Berea. Kila Jumapili akitoka kanisani aliitazama peke yake. Watu walinisimulia kwa huruma, wakisema maskini, anasikiliza sauti ya mwanawe. Mimi nasuka nywele Yeoville. Wateja wangu walikuwa wakiifungua ile filamu kwenye simu vichwa vyao vikiwa mikononi mwangu, wanacheka, na mimi naambiwa nimevuta sana. Miaka kumi na sita marehemu alizungumza kwa koo langu, hata saluni kwangu, na sikuwa na wa kumwambia anyamaze.

Mwaka 2017 mwalimu wa kwaya, sasa kichwa kizima mvi, alitaka tuirudie. Wale watoto wa zamani tungekuwa wapangaji, tujifiche tena na matumbo yetu ya utu uzima, na watoto wa sasa wa kanisani wangekuja kutukagua. Tulipatikana saba. Wengine walikuwa wamehamia Cape Town na Kanada. Nafasi ya mwenye nyumba alipewa msichana wa miaka tisa aliyezaliwa hapahapa, anayeelewa Kiswahili lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza au Kizulu. Sentensi yake aliikariri kutoka kwenye simu.

Tulipiga Jumamosi mchana katika nyumba ya muumini mmoja. Nilipofika nilimkuta mama fundi ameketi kwenye kiti karibu na mlango, lile koti mapajani. Alikuwa amelitunza miaka yote, na sasa alikuwa amefupisha mikono ili limfae yule msichana. Nilimvuta mwalimu jikoni nikamgombeza kwa kunong'ona. Vipi umwalike hapa, mbele ya watu wote wanaojua? Akaniambia hakumwalika. Alikuja mwenyewe na koti, na yeye hakuwa na uso wa kumrudisha. Nilitamani kukimbia. Mama yule alikuwa na kitu kimoja tu duniani cha mwanawe kinachosema, na mimi ndiye niliyemdanganya nacho.

Nikaingia nyuma ya pazia, mahali pangu palepale pa zamani. Mlango ukagongwa. "Humu ndani mko wangapi?"

Haikuwa sauti ya yule rafiki yangu, na haikuwa ya msichana. Ilikuwa mimi, nina miaka kumi, nalia mbele ya kipaza sauti. Alikuwa ameushika mtetemo wote, hadi ile pumzi niliyoivuta katikati ya sentensi, na hakujua anaiga nini. Wenzangu wakapaza, "Watatu!" Mimi mdomo ulikataa. Mwalimu akasimamisha, tukaanza upya, nikashindwa tena. Mara ya tatu, mmoja wetu aliyekuwa chini ya kitanda akachoka. Siku hizi ni mlinzi kwenye duka kubwa, na kitanda kilikuwa kinambana tumbo.

"Eish, yaya, dada yangu, jibu na wewe," akasema. "Si ni sauti yako mwenyewe hiyo? Unaiogopa nini?"

Nikachungulia kando ya pazia. Mama fundi alikuwa anatoa uzi uliogandia kwenye sketi yake, polepole, kisha akausokota kwa vidole. Hakumtazama mtu. Mwalimu akapiga makofi akasema tuendelee, tukaendelea, na safari hii nilijibu. Tulipomaliza, mama akamvua msichana koti, akamshukuru, akaondoka.

Nilimshukia yule mlinzi kwa matusi mpaka akaniomba radhi mara mbili, na wakati natukana nilijua natukana mtu asiye na kosa. Kisha nikamfuata mama Berea, ghorofa ya nne, kwa miguu. Nilimkuta amekaa kwenye cherehani, koti liko mezani. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama: kaseti iliyoharibika, mwalimu, kipaza sauti, miaka yote niliyokaa kimya.

"Nilijua tangu siku ya kwanza," akasema. "Mutoto yangu hakuogopaka mutu. Ile sauti ilikuwa inalia."

Nikamuuliza kwa nini basi aliendelea kuisikiliza kila Jumapili.

"Siku ya kuzika, wazee wa kanisa waliniambia nikaze moyo, nisilie mbele ya watu. Nikakaza. Mule ndani ya filamu kuna mutu analia juu ya mutoto yangu, na watu wote wanamusikia."

Yeye akageuza kiti, akawasha cherehani ingawa hakukuwa na kitambaa chini ya sindano, akaniambia niende nyuma ya pazia. Pazia lilikuwa bado lipo, siku hizi likificha masufuria na magunia ya vitambaa. Nikaenda nikasimama katikati ya masufuria. Naye akamwita mwanawe, jina lote, kama alivyokuwa akimwita zamani, bila kuinua kichwa. Jina lile sikuwa nimelisikia tangu alipofariki.

Niliitafuta ile sauti kooni. Nilijua ilikuwa ikikaa wapi.

"Niko, mama."

Ilitoka sauti ya mwanamke wa miaka ishirini na sita aliyeshinda amesimama. Nikasubiri. Cherehani ikazimwa. Nikatoka kumwomba radhi, nikamwambia nimejaribu, siwezi tena, ile sauti imekwisha.

Hakuwa analia. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, namna anavyofanya akimpima mteja kwa macho.

"Usiombe radhi, binti," akasema. "Amekuwa mukubwa, ni ile tu."

Akalivuta koti, akachukua wembe, akaanza kufumua mikono aliyokuwa ameifupisha.