Nyasi za Nchi ya Theluji Mbele ya Ofisi ya Mkuu

Ilikuwa asubuhi, mstarini, nikiwaonyesha wenzangu mwendo wa Mkuu wa shule: tumbo linatangulia, miguu inafuata ikipenda. Walicheka, kisha wakanyamaza wote kwa mpigo. Nikajua. Watu hawanyamazi vile mpaka Mkuu awe nyuma yako.

"Endelea hivyohivyo mpaka ofisini," akasema.

Ofisini nilikuta kigunia. Mzee mwenye duka la vifaa hapa Kibiti, Mhindi ambaye babu zake walizaliwa hapahapa na Kimrima chake, Kiswahili cha pwani yetu, kinakipita cha mama yangu, aliletewa mbegu za nyasi na dada yake anayeishi nchi ya theluji. Akaipa shule. Mkuu akataka zulia la kijani mbele ya ofisi siku ya mahafali yetu ya kidato cha nne.

"Zikiwa hai siku hiyo, utapanda jukwaani kupokea cheti. Zikifa, baki kwenu."

Nilitaka kucheka, nikamkumbuka mama. Mimi ndiye wa kwanza nyumbani kufika kidato cha nne, na kitenge cha sherehe alishakishona tangu mwezi wa tatu. Alikuwa anakivaa chumbani peke yake, anajitazama, anakivua, anakikunja.

Nikakimbilia dukani. Mzee akavaa miwani kusoma maandishi ya kwenye kigunia.

"Zinataka udongo wa baridi."

"Nizipande kwenye friji ya soda, Babu?"

"Panda sasa, kipupwe hiki, kabla jua halijachachamaa. Zifukie kidogo tu. Maji kidogo kidogo kila asubuhi mpaka ziote. Zikishaota, mwagilia mara chache lakini yazame chini, mizizi iyafuate. Na ukikata..."

Akaingia mteja wa misumari. Mzee akamfuata, na "ukikata" yake ikaishia hapo.

Bibi yangu, mkulima wa mpunga kule Ngorongo, alikuwa kwetu akitibiwa goti. Goti lilipona palepale alipoona mbegu.

"Mke mwenzangu," akaniambia, ndivyo anavyonitania, "mbegu huloweshwa kwanza."

Tukaziloweka, tukazifunika kwa jani la mgomba mpaka zikatoa vijino vyeupe. Mbele ya ofisi tukatifua, tukainua vituta pembeni maji yasikimbie, jaruba la mpunga kabisa. Kesho yake ndege wakaja kwa wingi, nadhani walitumiana ujumbe. Jioni hiyo Bibi akasimamisha dungu, kile kichanja cha miti cha kukalia ukiamia ndege shambani. Tofauti ni kwamba hili lilitazamana na dirisha la Mkuu. Nikawa nakaa juu na kopo la mawe, natikisa.

"Hoooo! Tokaaa!"

Mkuu yuko ndani, anaongea na wakubwa wa elimu kule Utete kwenye simu. Raha kinoma! Sijawahi kupewa adhabu tamu kama ile.

Zikaota. Kijani chake sikuwahi kukiona, ukoka wetu ulionekana mgonjwa. Zilipofika kwenye ugoko Mkuu akasema zikatwe.

"Mwanangu," Bibi akamwambia, "unakata mpunga haujazaa?"

"Bibi, huu si mpunga."

"Ndiyo maana umechelewa. Tunausubiri."

Mkuu akachukua fyekeo mwenyewe. Akanyoa njia moja kutoka mlangoni, mpaka udongo ukaonekana, akachoka, akaingia ndani kunywa maji. Jua la mwezi wa tisa lilikuwa limeshaanza kazi. Baada ya siku tatu njia ile ilikuwa rangi ya mkeka mkuukuu. Zile ndefu za Bibi zilibaki kijani, zimejipa kivuli zenyewe miguuni.

Nikarudi dukani mbio. "Babu, siku ile ulisema ukikata nini?"

"Ukikata, toa theluthi ya juu tu. Ukizinyoa kipara juani, zinakufa."

"Mkuu kazinyoa kipara."

Mzee alicheka mpaka miwani ikaangukia kwenye boksi la misumari.

Siku ya mahafali Mkuu alisoma majina, akafika kwangu, akasita. Akatazama ile njia iliyokufa. Mama alishasimama, kitenge kinang'aa, mikono mdomoni.

"Tulikubaliana zikifa..." Mkuu akaanza.

"Hoooo! Tokaaa!"

Alikuwa Bibi, juu ya dungu, bado anasubiri masuke, kopo mkononi. Mkuu aliruka, karatasi zikatawanyika juu ya nyasi za kijani, na wazazi wote wakaangua kicheko. Akainama kuziokota katikati ya zile ndefu, akazipapasa, akainuka na yeye anacheka, tumbo kwanza.

"Zilizokufa ni zangu," akasema kwenye kipaza sauti. "Haya, mtoto, panda kabla sijafukuzwa tena."

Nikapanda, kwa mwendo wake uleule. Mama akapiga kigelegele kimoja kirefu, na kitenge kikapasuka kwapani.