Siku Daktari Alipopima Gari la Dada Yake

Mume wangu ni fundi wa magari, na mtaa mzima humwita Daktari. Sababu ni bisibisi. Anayo moja ndefu, mpini wake wa mbao umelainika kwa kushikwa. Gari likiletwa, hafungui kitu kwanza. Anaomba liwashwe, anagusisha ncha ya bisibisi kwenye injini, anaubana mpini sikioni na kufumba macho. Mwenye gari hunyamaza kama aliyepeleka mtoto hospitali. Baada ya muda Daktari husema, "Pampu ya maji hiyo. Haimalizi mwezi." Na kweli ilikuwa haimalizi.

Nimekaa naye miaka ishirini na sita, na sijaona mtu anayependa sifa kama yeye huku akijitia hamnazo. Mteja akimsifu, anakuna kidevu na kuuliza kama mvua itanyesha. Kwa ndugu zake ndiyo usiseme. Hakuna anayenunua kitu chenye injini, hata kiwe cha kusaga nafaka, kabla Daktari hajakiwekea bisibisi. Akiiondoa sikioni na kusema "safi", maneno yamekwisha. Hata mjomba wao, ambaye hubishana na redio, hapo hunyamaza.

Miaka miwili iliyopita nilianza kuona mambo. Simu yake ikilia mezani, haitikii mpaka aione inatetemeka. Nikimwita nikiwa nyuma yake, kimya. Nilidhani ni kiburi, nikamnunia wiki nzima, na yeye wala hakujua kama amenuniwa. Kisha siku moja cherehani yangu ilikwama ikapiga kelele mpaka jirani akachungulia dirishani. Daktari alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwangu, anakunywa chai. Hakugeuka.

Nilimburuta hospitali. Wakamwambia masikio yamechoka kwa kelele za miaka, na hayatarudi. Wakampa kifaa kidogo cha kuvaa. Alikivaa siku mbili kikaishia kwenye droo ya soksi. "Nani ataleta gari kwa daktari kiziwi?" aliniuliza. Gereji ndiyo inayotulisha, na ushonaji wangu ni wa kuongezea. Akaniapisha nisimwambie mtu, na dada yake zaidi ya wote. Nikaapa.

Akaendelea na kazi. Alianza kusoma midomo ya watu, kuwauliza maswali mengi, kupapasa injini kwa vidole. Bisibisi aliendelea kuiweka sikioni kwa sababu wateja waliitarajia. Mara nyingi alipatia. Alipokosea alilaumu vipuri bandia, na vipuri bandia havina wakili.

Dada yake ndiye mkubwa kwao. Wazazi walipofariki alikuwa na miaka kumi na saba. Akaacha shule, akafua nguo za watu, akamlipia mdogo wake ada ya chuo cha ufundi mpaka cheti kikatoka. Hajawahi kumkumbusha. Ninayemkumbusha ni mimi, tena tukigombana. Baadaye wifi yangu alipata kazi ya kusafisha vyumba hotelini, akapanda mpaka akawa msimamizi, na mwaka huu akastaafu. Hotelini wakamwambia kuna kazi ya kuwachukua wageni wakubwa uwanja wa ndege, kila siku, kwa yeyote mwenye gari kubwa la kifahari, jeusi, lisilo na mkwaruzo. Jipya hakuliweza hata kwa ndoto. Akalipata lililokwishatumika, na ili alifikie aliunganisha kiinua mgongo chake chote na bei ya vyumba viwili alivyokuwa akipangisha. Angebaki na chumba anacholala na hilo gari.

"Wifi, na wewe uje," aliniambia. "Mdogo wangu aangalie injini, wewe uniangalizie viti. Mishono ni kazi yako."

Yadi ya magari ilikuwa nyuma ya kituo cha mafuta, imemwagwa kokoto zinazovunja kisigino. Muuzaji alikuwa mtu mnene, mpole, manukato yake yalitufikia kabla yake. Gari lenyewe, niseme ukweli, lilikuwa zuri mno. Refu, jeusi, safu tatu za viti vya ngozi rangi ya maziwa, na ukifungua mlango kikanyagio kinashuka chenyewe kukupokea mguu. Wifi alivua viatu kabla ya kuingia. Mwanamke wa miaka sitini, ameketi nyuma ya usukani miguu mitupu, anatabasamu peke yake.

Mume wangu alifanya kazi yake vizuri, hilo nalitetea mpaka leo. Aliweka kiganja kwenye boneti na kukitoa upesi. "Limeshawashwa leo," alisema.

"Nililisogeza kidogo tu nilioshe, mzee."

"Basi tunasubiri lipoe."

Muuzaji akacheka, lakini nilimwona akitazama saa. Tulikaa pale saa mbili na nusu. Daktari alilala chini ya gari na tochi, akachomoa kijiti cha oili akakinusa, akatazama mipira ya maji, akapekua mazulia kuona kama limewahi kuzama. Mimi nilikagua viti. Nilikuta mshono wa kiti cha dereva umerudiwa kwa mkono, nikamwonyesha wifi, na muuzaji akapunguza bei kidogo bila ubishi. Wifi alinibana mkono kwa furaha. Nilijiona wa maana sana siku hiyo, kwa muda.

Kisha boneti ikapoa, na Daktari akachomeka bisibisi. "Washa, dada."

Injini ikawaka. Sekunde nne au tano za mwanzo nikasikia kitu chini ya mngurumo, sauti nyembamba, kavu, tra-ta-ta-ta-ta, kisha ikapotea. Mimi injini sizijui. Lakini nimeshona miaka thelathini, na chuma kinachogonga chuma mahali pasipotakiwa nakijua. Sindano ikipinda hulia vile kabla haijakatika. Nilimtazama muuzaji. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Mume wangu alikuwa ameinama, macho amefumba, mpini sikioni. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa.

"Safi," alisema.

Nikazunguka mpaka nikasimama mbele yake, aone mdomo wangu. "Baba watoto, hebu lizimwe liwashwe tena."

"Nimeshasikiliza."

"Sikiliza tena tu."

Akanitazama. Nilijua amenielewa, kwa sababu macho yake yaliniomba. Sijawahi kuombwa vile na mtu mzima. Muuzaji akaingilia kwa sauti ya asali, "Kumbe na mama ni fundi?" Na wifi, kutoka kwenye kiti chake cha maziwa, akacheka. "Wifi, mwache daktari na mgonjwa wake. Huyu akisema safi, ni safi."

Nikasogea pembeni. Nilikuwa na hasira na muuzaji, na mume wangu, na wifi kwa kuamini kiasi kile. Zaidi nilijichukia mimi, niliyekuwa na mdomo ukanifia.

Tulipofika nyumbani nilimwambia yote. Niliigiza ile sauti kwa kijiko juu ya sahani, nikasahau kwamba hata kijiko hakisikii. Akakishika, akakitua mezani taratibu. "Ni cheni ya ndani ya injini," alisema. "Imelegea. Inaweza kukaa mwaka, inaweza kukaa wiki." Halafu akasema, "Nitamwambia kesho. Halipi pesa kabla ya saa sita."

Kesho yake alivaa shati la kutokea, akaenda kwa dada yake asubuhi. Alirudi saa nne. Aliniambia huko alikuta majirani watatu wamekuja kumpongeza dada kwa gari, na dada alikuwa anawaeleza jinsi mdogo wake alivyomsubirisha muuzaji saa mbili na nusu gari lipoe. Walimpigia makofi. Akanywa chai, akaaga.

"Hukusema?"

"Ulitaka nisemeje?"

Nikachukua simu mwenyewe. Kiapo nilishakitupa. Wifi alipokea mara moja. Alikuwa njiani kwenda benki, na nilisikia kelele za barabara nyuma yake. "Wifi yangu," alisema kabla sijafungua mdomo, "unajua usiku huu nimelala kama mtoto? Wenzangu wananunua vitu wakiwa na tumbo joto. Mimi nina ndugu."

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, anatazama mdomo wangu. Hakuwa na njia nyingine ya kujua nitakachosema. Nilimwona ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili, kucha zimejaa grisi, mtu mzima na mvi zake, anasubiri.

"Hongera, wifi," nilisema. "Mungu akufungulie."

Yakaja majuma matano mazuri, na mimi sikufurahia hata moja. Wifi alimwajiri dereva aliyetulia, akawapeleka wageni na kuwarudisha. Alinishonesha sare ya dereva, suti ya kijivu, akakataa kupunguziwa bei. Kila alipopiga simu nilidhani ndiyo siku yenyewe. Mara mbili Daktari alimwomba alete gari "alifanyie usafi wa ndani", apate kuibadili ile cheni kwa siri, na mara mbili wifi akasema juma hili wageni ni wengi, juma lijalo.

Juma la sita likaletwa likivutwa kwa kamba. Cheni ilikatika barabarani, na mgeni ndani, mwenye koti na haraka. Hotelini walishamtafuta mtu mwingine kabla kamba haijafungwa.

Walilisukuma mpaka gerejini kwetu. Fundi wa gereji ya ng'ambo ya barabara alikuja kusaidia kufungua, na alichotoa mle ndani kilikuwa vipande. Valvu zimepinda, pistoni zimetoboka. Injini nyingine ilikuwa inakaribia bei ya gari lenyewe, na wifi hakuwa na kitu kingine cha kuuza. Fundi yule hakuwa na ubaya, alisema tu anachokijua. "Hii huanza kulia mapema, injini ikiwa baridi. Ukiisikiliza vizuri huikosi."

Wifi alikuwa amesimama karibu na tairi la nyuma. Mume wangu ameinamia injini, amempa mgongo.

"Mdogo wangu," wifi aliita, kwa upole. "Ilikuwa inalia?"

Hakugeuka.

"Mdogo wangu."

Fundi wa ng'ambo akaacha kufuta mikono. Wifi akaita mara ya tatu, kwa nguvu, kwa jina alilomwita utotoni, ambalo mimi sijawahi kulitumia. Daktari aliendelea kuokota vipande vya chuma na kuvipanga juu ya gunia, kimoja kimoja. Nilitaka kwenda kumgusa bega.

Wifi akageuka kunitazama mimi. "Tangu lini?"

"Miaka miwili."

"Na siku ile yadini, wewe ulisikia?"

Ningeweza kudanganya. "Nilisikia," nilisema.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alivua viatu, kama kawaida yake, akaingia kwenye kiti cha dereva na kuvuta mlango. Magari yale milango yake ikifunga, imefunga. Vioo vizito, huwezi kusikia hata mtu akipiga kelele ndani. Daktari alihisi gari likicheza, akanyanyua kichwa, akaishusha boneti. Kupitia kioo cha mbele akamwona dada yake, na dada yake akamwona. Akaanza kuzungumza, bila haraka, akiufungua mdomo vizuri kwa kila neno. Alikuwa ameshaelewa jinsi ya kuzungumza naye.

Alisema mengi. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Mara moja alininyooshea kidole, akaendelea. Mimi na masikio yangu mazima tulisimama pale kama nguzo, hatukuambulia neno. Mume wangu alisoma mpaka mwisho, vipande vya cheni mkononi, akitikisa kichwa kukubali.

Nilimvuta mkono anitazame. "Anasema nini?"

"Anasema ameshanisamehe."

"Na mimi je?"

Lakini alikuwa ameshamgeukia dada yake tena, na mdomo wangu hakuuona.